Hapo Jinja Kuna Nini?

Simu ilipita mikono minne kabla haijamfikia mama mwenye dagaa. Ilikuwa Kirumba mwaloni, jijini Mwanza, asubuhi, mitumbwi ya usiku imeshapakua na turubai zimeshatandazwa. Kijana amerudi likizo kutoka chuo kimoja cha Kampala, anawaonyesha ndugu zake picha za siku aliyokwenda Jinja, mji wa Uganda ulio ukingoni mwa ziwa, na wenzake. Kuna picha ya kibao. Kuna ya boti yenye paa la turubai. Kuna ya maji, halafu maji tena, halafu yeye amesimama mbele ya maji.

Mama akaisogeza simu mbali na macho ili aone vizuri.

"Sasa baba, haya si maji haya haya?" Akalionyesha Ziwa Victoria kwa kidevu.

"Ndiyo haya, mama mkubwa. Ila hapo ndipo Naili inapoanzia."

"Inaanza na nini?"

Kijana akapitisha kidole kwenye kioo akitafuta picha itakayojibu. Hakuipata. Watu wakacheka, simu ikarudi mfukoni, maneno yakahamia bei ya gunia.

Swali lile halijaniachia, na hii ni wiki ya tatu.

Si kwamba halina jibu. Linalo, tena linawahusu watu wa mwaloni kuliko linavyowahusu watalii. Tatizo ni kwamba anayekwenda Jinja kwa siku moja anaonyeshwa kitu kimoja, na kilicho cha maana kiko kilomita tatu mbele.

Kizingiti kilichozama

Waganda huliita jiwe *ejjinja*, na mji ulipata jina lake kwenye mawe ya mtoni. Mawe hayo ndiyo jibu la mama, ila hayaonekani tena.

Mahali ziwa linapotokea kwenda kaskazini palikuwa na mwamba umelala kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kama kizingiti cha mlango. Maji ya ziwa yalilazimika kukipanda kizingiti hicho ndipo yaanguke upande wa pili na kuwa mto. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika hapo tarehe 28 Julai 1862 alikadiria maporomoko ya futi 12, yaani pungufu kidogo ya mita 4, na upana wa futi 400 hadi 500. Aliona samaki wakirukia maporomoko, wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamekaa juu ya mawe na ndoana zao, viboko na mamba majini. Akayaita maporomoko hayo Ripon, jina la bwana mkubwa wa chama cha jiografia cha London. Wenyeji walikuwa na jina lao la mto, Kiyira, na ziwa waliliita Nalubaale. Majina hayo yamebaki. Utayakuta leo kwenye mitambo ya umeme.

Miaka minne nyuma, tarehe 3 Agosti 1858, Speke huyo huyo alisimama juu ya kilima hapa Mwanza, akalitazama ziwa kwa upande wa kusini, akaamua palepale kwamba Naili inatoka humu. Hakuwa ameuona mto wowote ukitoka. Msafiri mwenzake, Richard Burton, aliyebaki Tabora, alimkatalia, na ugomvi wao haukwisha hadi Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwaka 1864, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa kuwakutanisha. Kwa hiyo Mwanza na Jinja ni ncha mbili za swali moja: hapa lilibahatishwa, kule likatafutiwa ushahidi. Misafara yote miwili alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India, na lugha ya wapagazi njia nzima ilikuwa Kiswahili. Kwenye mnara wa ukumbusho wa Speke kule Jinja usitegemee kusoma habari zao.

Turudi kwenye kizingiti, maana ndicho kiini. Ziwa likijaa, maji mengi zaidi yalivuka juu yake. Likipungua, yalivuka machache. Kilikuwa kinapima na kutoa chenyewe, mchana na usiku.

Jiwe halikuwa na ofisi.

Siku yenyewe

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Kwenye ramani ni saa moja na nusu. Barabarani hesabu saa mbili hadi tatu, na siku ya foleni Mukono hata nne, kwa sababu njia hiyo ndiyo inayobeba malori yote yanayotoka Mombasa. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa hazitakuchanganya, kwa kuwa Waganda na Wasoga nao huhesabu kuanzia mapambazuko kama sisi: ukiambiwa *ssaawa bbiri*, ni saa mbili ile ile ya kwetu.

Kampala "taksi" ni hiace. Inaondoka ikijaa, kwa hiyo ukiingia ukakuta mko watatu, uliza iliyo mbele yake kwenye foleni. Kosa linalowapata wengi liko hapa: gari la Mbale, Iganga au Busia nalo linapitia njia hiyo, na konda atakuambia "Jinja, panda." Atakushusha kwenye mzunguko wa barabara kuu nje ya mji, kisha utalipa boda kukuingiza ndani. Ukitaka kushukia mjini, panda gari ambalo safari yake inaishia Jinja.

Njiani mtasimama Namawojjolo. Kabla gurudumu halijatulia, vijana wameshafika dirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, *gonja*, yaani ndizi mbivu za kuchoma, na maji ya chupa. Nunua gonja. Kuku mguse kwanza. Wa moto anajulikana. Baada ya hapo ni Lugazi na mashamba yake ya miwa, halafu msitu wa Mabira, halafu Njeru, halafu mto.

Mwanafunzi wa Kitanzania abebe pasipoti, siyo kitambulisho cha NIDA. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa. Sisi mpango huo hatumo. Muhuri wa mpakani Mutukula uwe bado uko ndani ya siku zake, kwa sababu eneo la mtoni lina askari wengi kuliko unavyotegemea, na sababu yake utaiona mbele. Kitambulisho cha chuo nacho kibebe, kwa kuwa getini huwa wanatofautisha bei ya mwenyeji, ya Mwafrika Mashariki na ya mgeni wa mbali. Usiponyoosha mkono na karatasi, utahesabiwa kwa sura au kwa lafudhi.

Kuhusu lugha: sokoni na kwa watu wa boda Kiswahili kinapita. Kwa watu wazima wengine kina harufu ya jeshi, kwa historia wanayoijua wao. Salimia kwanza kwa Kisoga, *kodheyo*, ndipo uendelee na Kiswahili chako. Uso unafunguka.

Ukingo gani?

Hapa ndipo siku za watu zinapotelea. Mto una ng'ambo mbili na kila moja ina lango lake. Bustani za Chanzo cha Naili, zenye boti, vibanda vya vinyago na sanamu ya Gandhi, ziko upande wa mashariki, upande wa mji wa Jinja. Mnara wa Speke uko magharibi, upande wa Njeru, pale aliposimama mwenyewe. Ukimwambia mtu wa boda "nipeleke kwa Speke" kisha ukashangaa huoni boti, kosa si lake. Kuzunguka kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kwa barabara ni lazima upite darajani, na hiyo ni nusu saa imeondoka pamoja na nauli ya pili.

Kama una siku moja tu, chagua mashariki, kisha umwombe nahodha wa boti akuvushe ukauone mnara. Mpatane kabla injini haijawashwa. Bei ya boti ulizia ya boti nzima, siyo ya kichwa, halafu mgawane. Jaketi la kuokolea vaa na ufunge vifungo vyote. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa kwa nini. Wahi kabla ya saa sita, kwa kuwa upepo wa ziwa huamka mchana na boti ndogo inaanza kurusha maji. Na miguu ibaki ndani ya boti. Kichocho cha kule ni ndugu wa kichocho cha huku.

Viputo na asilimia

Boti itakupeleka hadi kwenye kisiwa kidogo na kibao, mahali ambapo uso wa maji unatetemeka na kuzunguka kana kwamba kuna kitu kinachemka chini. Nahodha atazima injini. Atasema hizo ni chemchemi za chini ya ardhi, na kwamba sehemu kubwa ya Naili inatoka kwenye chemchemi na iliyobaki inatoka ziwani. Atakupa na asilimia. Picha zitapigwa.

Nilitaka kumwamini, maana ni hadithi nzuri na inaonekana kwa macho. Lakini wataalamu wa maji wamelipigia hesabu ziwa hili kwa miongo mingi: mvua inayoanguka juu ya ziwa ni kama asilimia 80 ya maji yote yanayoingia, mito kuanzia Kagera hadi Mara, Simiyu na Nzoia ndiyo inayoleta salio, na yanayotoka huondoka kwa jua na kwa Naili. Hesabu hiyo inafunga bila kuhitaji mto mwingine wa kificho chini ya Jinja. Pale pana mwamba mzima chini ya maji, na maji yanayokwenda kasi juu ya mwamba uliozama hufanya hivyo hivyo: yanapanda, yanazunguka, yanatoa viputo.

Unapozima injini pale, uko eneo la kizingiti.

Nahodha ana kitu cha kweli mkononi, ila anakiita jina jingine. Kama ningekuwa na nafasi ya kumwomba mwanafunzi jambo moja, ningemwomba pale asitazame kibao. Atazame chini, halafu atazame kwa mbele kule maji yanakoelekea, ajiulize mbona hayaanguki.

Kilomita tatu mbele

Hayaanguki kwa sababu yamejazwa kutoka mbele. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alizindua bwawa la Owen Falls, kilomita kama tatu chini ya Ripon. Maji yakarudi nyuma, yakapanda, yakayameza maporomoko yote mawili: yale yaliyokuwa mahali pa bwawa na yale ya Speke. Mitambo kumi ya umeme iliwekwa, ya megawati 15 kila mmoja. Baadaye ikaongezwa nguvu hadi jumla ikawa megawati 180. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaanza kazi kituo cha pili jirani yake, Kiira, mitambo mitano ya megawati 40. Bwawa la zamani leo linaitwa Nalubaale. Kwa hiyo majina yale mawili ya wenyeji, la ziwa na la mto, sasa yameandikwa kwenye milango ya kupitishia maji.

Milango. Hapo ndipo mama angepata jibu lake.

Tangu 1954 ziwa halina kizingiti cha jiwe. Lina milango ya chuma inayopandishwa na kushushwa na watu walio kazini kwa zamu. Ili jambo hilo lisigeuke kuwa la mtu kuamka na lake, Uingereza, kwa niaba ya Uganda, ilikubaliana na Misri kwamba bwawa litoe maji kwa kuliiga jiwe: kimo cha ziwa kikisoma kiasi fulani, mtoko uwe kiasi fulani, kama ambavyo Ripon ingetoa. Walichora mchoro wa uhusiano huo, nao mpaka leo unaitwa *Agreed Curve*, yaani mchoro wa makubaliano. Misri ikapewa haki ya kuweka mhandisi wake Jinja awe anaangalia.

Tanganyika ilikuwa na karibu nusu ya ziwa. Iliwakilishwa na Uingereza ile ile.

Nilipofika hapo kwenye kulifikiri jambo hili, hasira ilinipanda kidogo. Kumbe mlango wa nyumba yetu uko kwa jirani, na ufunguo unao yeye. Nikaiona tayari makala yenye maneno makali. Kabla ya kuiandika nikachukua kalamu nipige hesabu, na hesabu ikanivurugia makala.

Sentimita moja

Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800. Kulishusha sentimita moja tu, sawa na unene wa daftari la mwanafunzi, inabidi uondoe mita za ujazo milioni 688.

Tuseme milango ya Jinja inapitisha mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kiasi ambacho ni cha kawaida. Kwa siku hiyo ni milioni 86.4. Gawanya.

Siku nane.

Yaani mvua isimame, mito isimame, jua lenyewe lizimwe, na milango ya Jinja ibaki wazi hivyo kwa siku nane, ndipo mama wa Kirumba aone maji yamerudi nyuma sentimita moja. Wakati huo huo jua peke yake hunywa takriban milimita 1,500 kwa mwaka kutoka juu ya ziwa, kama milimita nne kwa siku. Milango inachukua milimita moja na robo. Jua linalinywa ziwa mara tatu na zaidi ya inavyolinywa Naili.

Ndiyo maana mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, na zilizofuata zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili ndani ya miaka mitatu, bwawa likiwa lipo na milango ipo. Ndiyo maana pia mwaka 2020, kimo kwenye kipimo cha Jinja kilipofika mita 13.42 na kuivuka rekodi ya 13.41 ya mwaka 1964, kufungua milango hadi mita za ujazo 2,400 kwa sekunde hakukumkausha mtu nyumba yake wiki hiyo. Kwa kasi hiyo bado ni siku tatu na ushee kwa kila sentimita, na mvua ilikuwa haijakata.

Basi jirani hana hatia?

Hapana, na hapa sipaswi kukimbia. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kimo ambacho kilikuwa hakijaonekana kwa takriban miaka 80. Meli zilipata taabu kukaribia gati, na mabomba ya kuvutia maji ya mijini yakakaribia kubaki hewani. Kulikuwa na ukame, hilo halina ubishi. Lakini vituo viwili vya umeme vilikuwa vinavuta maji kwa pamoja, na yaliyotoka yalizidi yale ambayo mchoro uliruhusu. Waliochambua baadaye waligawa sababu: sehemu mbingu, sehemu milango. Milimita moja na robo kwa siku ni kitu kidogo. Izidishe nusu yake tu, kila siku, kwa miaka miwili mitatu, halafu ndipo utajua kwamba mlango unaovuja polepole unamaliza pipa.

Kwa hiyo mbingu ndiyo yenye haraka. Mlango una subira. Mtu wa mwaloni analiona la mbingu kwa macho. La mlango linampita mpaka miaka iishe.

Ziwa nalo huwa linapiga hodi kwenye huo mlango. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilichomeguka ufukweni kilielea hadi Jinja, kikaziba njia ya maji kwenye mitambo, na Uganda nzima ikaingia gizani. Visiwa vya namna hiyo tunavijua huku; asubuhi moja viko hapa, kesho upepo umevihamisha. Wengi tunasema tu "vimeondoka."

Mjini, kwa miguu

Mji wenyewe unatosha saa moja na nusu. Barabara kuu ina maduka ya ghorofa moja yaliyojengwa na Wahindi, na juu ya mengi kuna jina la ukoo na mwaka vimefinyangwa kwa saruji. Tembea ukitazama juu, siyo madirishani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza wenye majina hayo. Baadhi walirudi miaka ya 1990, na majengo mengine rangi haijarudi hadi leo. Sanamu ya Gandhi pale bustanini iliwekwa mwaka 1997, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapo mwaka 1948. Wageni wengi hupita hapo haraka, nami sina la kuongeza.

Ila kuna sehemu moja ambayo mtu wa Mwanza angeipitia hata kwa nje. Jinja ndiko ilikoanzishwa mwaka 1947 taasisi ya utafiti wa samaki wa maji baridi kwa Afrika Mashariki yote. Watafiti wengine wa wakati huo walipinga wazo la kumleta ziwani samaki mkubwa mla samaki. Akaletwa hata hivyo, kwanza kimyakimya miaka ya 1950, kisha kwa ruhusa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kule wanamwita *mputa*.

Sisi tunamwita sangara.

Viwanda vya minofu, ajira za Ilemela, biashara ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, na upande wa pili furu, samaki wadogo wa ziwa, waliotoweka mamia ya aina: vyote viliingilia upande ule. Ukiagiza mchana kwenye kibanda cha mtoni, utapewa uchague *ngege*, ambaye ni sato, au mputa, pamoja na *posho*, ambayo ni ugali mweupe. Dagaa utamkuta kwa jina la *mukene*. Kwa bei, uliza kabla hajakaangwa. Akishakaangwa ni wako.

Kisichopigwa picha

Saa tisa alasiri anza kufikiria kurudi. Usingoje saa kumi na moja, kwa sababu foleni ya kuingia Kampala jioni ni mbaya kuliko ile ya asubuhi.

Magari mengi sasa huvuka kwa daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Ni zuri, na simu zote zitatoka. Zirudishe. Kupiga picha darajani ni marufuku na askari hawana mzaha. Barabara ya zamani inapita juu ya bwawa la Nalubaale lenyewe. Uliza mjini kama siku hiyo iko wazi kwa boda; ikiwa wazi, vuka kwa njia hiyo kabla ya kutafuta gari la Kampala. Hapo napo simu inakaa mfukoni, hata usiitoe kutazama saa. Waliosimamishwa wanasema hufutishwa picha zote za siku nzima, za bwawa na zisizo za bwawa.

Mwambie mtu wa boda aende taratibu. Unapotoka mjini kuelekea Njeru, kushoto kwako ni upande wa ziwa: maji yamejaa hadi karibu na barabara, yametulia, ya kijani, yanafanana kabisa na ya Kirumba. Kulia ni shimo. Maji yale yale yanatoka chini yakiwa meupe kwa povu, na ukuta mzima unatetemeka kwa mbali. Kati ya kushoto na kulia ni upana wa barabara tu, na chini ya barabara ni milango.

Inachukua kama dakika moja kuvuka.

Kijana wa picha alipita hapo, kwenda au kurudi, au alipita darajani akapaona kwa mbali. Simu yake ilikuwa mfukoni kama alivyoagizwa. Ndiyo maana pale mwaloni alitafuta kwa kidole picha ya kumjibu mama yake mkubwa, akaikosa.

Ameshaondoka kurudi chuoni. Juzi nilipita Kirumba tena. Kwenye ukuta ulio karibu na pale alipokuwa ameketi mama kuna mstari wa uchafu wa kijani uliokauka, alama ya maji yalipokuwa juu. Mstari unafika kiunoni mwa mtu aliyesimama. Turubai za dagaa zimetandazwa chini yake, hatua kama kumi kuelekea ziwani, na mama alikuwa akigeuza dagaa wake kwa fagio upande wa pili.